Sentinel-2, Sentinel-3 au Landsat: uchague setilaiti gani kuangalia maji ya Ghuba ya Mwanza

Mama mmoja mwenye vizimba vya sato upande wa Sengerema aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria. Nilikuwa nimemwonyesha kwenye simu picha ya ghuba iliyopigwa kutoka angani, maji yamepakwa rangi kuanzia buluu hadi nyekundu. Akaitazama kimya, akaikuza kwa vidole viwili mpaka akaviona vizimba vyake kama vidoa vya kalamu, kisha akasema: "Sasa mwanangu, hii itaniamsha kabla samaki hawajafa, au itanionyesha walipofia?"

Siku ile nilimjibu kwa kubabaika. Leo naandika jibu lililotulia, kwa ajili yake na kwa yeyote anayetaka kutumia picha za bure za setilaiti kufuatilia maji ya Ziwa Victoria: mfugaji, mtu wa mamlaka ya maji, afisa uvuvi wa halmashauri, mwanafunzi anayetafuta mada. Mfano wangu ni Ghuba ya Mwanza kwa sababu ndiyo ninayoijua. Ni nyembamba na ndefu, inaingia nchi kavu kwa kilomita zipatazo 60 kuelekea kusini. Ukiielewa hii, ghuba nyingine za ziwa hazitakusumbua.

Wengi huanza kwa kuuliza ni setilaiti ipi yenye picha kali zaidi. Mimi naanzia kwingine: jambo unaloliogopa ni la ukubwa gani, na linakuja kwa kasi gani?

Kwanza, kinachoonekana na kisichoonekana

Setilaiti hizi huona rangi ya maji. Landsat, ya Marekani, huona pia joto la ngozi ya juu ya ziwa. Kwa rangi unaweza kukadiria mambo matatu: wingi wa klorofili, ambayo ni kijani cha mwani na cha bakteria wa kijani-buluu, wingi wa tope linaloelea, na ule weusi wa chai unaoletwa na majani yaliyooza kwenye mito na mabwawa ya mafunjo.

Oksijeni haionekani. Vimelea vya kipindupindu havionekani. Naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo mbolea ya huo mwani, hazina rangi ya kuonekana kutoka juu. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu nayo haionekani, ingawa tope la machimbo linaweza kuonekana. Mtu akikuletea ramani ya zebaki akasema imechorwa na setilaiti peke yake, mwambie akuonyeshe sampuli zake za maji na za udongo kabla hujatoa hela.

Na hata hicho kijani, setilaiti hukiona cha juu tu. Kwenye maji yenye tope kama ya kusini mwa ghuba, mwanga haushuki hata mita mbili kabla haujamezwa. Kinachoendelea chini ya hapo, penye ukosefu wa oksijeni unaoua samaki, kiko gizani.

Sentinel-2 na Sentinel-3: hapa ndipo uamuzi ulipo

Zote mbili ni za mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya, na data zake ni bure kwa kila mtu. Ya kwanza ya Sentinel-2 ilirushwa Juni 2015, ya kwanza ya Sentinel-3 Februari 2016, na kila moja huruka na pacha wake. Majina yanafanana, lakini kazi zake ni mbali kabisa.

Sentinel-2 iliundwa kwa ajili ya nchi kavu: mashamba, misitu, miji. Ina bendi 13, yaani vipande vya mwanga vinavyopimwa kila kimoja peke yake, nyingine zenye pikseli (kitone kimoja cha picha) ya mita 10, nyingine 20, nyingine 60. Hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5. Bahati yetu watu wa maji ni kwamba waliiwekea bendi ya nanomita 705 (nanomita ndiyo hupima urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake) ili kupima afya ya mimea, nayo ndiyo inayofaa sana kwa maji ya kijani. Klorofili hunyonya mwanga mwekundu kwenye nanomita 665. Ukisogea hadi 705, maji yenye mwani mwingi yanarudisha mwanga kwa nguvu, kama kilima kidogo kwenye grafu. Chukua mwanga wa 705 toa mwanga wa 665, gawanya kwa jumla yake, na unapata kipimo kinachoitwa NDCI. Kilipendekezwa mwaka 2012 na mpaka leo ndicho cha kuanzia kwa maji ya aina yetu. Njia ya zamani ya kulinganisha buluu na kijani, inayotumika baharini, hapa hudanganya, kwa sababu tope na ule weusi wa chai huharibu buluu yote.

Sentinel-3 hubeba chombo kiitwacho OLCI, ambacho kiliundwa kwa ajili ya maji tangu mwanzo. Bendi zake 21 zimepangwa mahali panapotakiwa hasa: 665, 681, 709, na juu ya yote 620. Hiyo 620 ndiyo naipigia debe. Bakteria wa kijani-buluu wana rangi yao ya pekee, fikosianini, inayonyonya mwanga hapo hapo kwenye 620. Mwani wa kawaida hauna rangi hiyo kwa wingi. Kwa hiyo OLCI inaweza kukusaidia kutofautisha kijani kisicho na madhara makubwa na kile cha Microcystis na wenzake, ambao baadhi yao hutoa sumu. Sentinel-2 haina bendi hiyo. Inaona kijani, haijui ni kijani cha nani.

Tena OLCI inatazama ukanda wenye upana wa kilomita 1,270 kwa mpito mmoja, hivyo kwa setilaiti mbili unapata picha kila siku moja au mbili. Kwa kijani kinachoota na kutawanyika ndani ya juma moja, tofauti ya siku 1 na siku 5 ni kubwa. Weka mawingu ya masika juu yake: katika mipito sita ya Sentinel-2 ndani ya mwezi wa Aprili, unaweza kubaki na mmoja unaofaa, au ukakosa wote.

Basi kwa nini tusitumie Sentinel-3 peke yake? Kwa sababu pikseli yake ni mita 300 kwa 300. Hizo ni hekta 9, zaidi ya viwanja kumi vya mpira, zote zimepewa rangi moja.

Chukua Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa kama kilomita 3, kwa hiyo kuanzia ukingo hadi ukingo unapata pikseli kumi za Sentinel-3. Toa mbili kila upande, kwa sababu pikseli iliyo jirani na nchi kavu huwa imechanganya maji, mafunjo na mchanga, na mwanga wa majani ya ufukweni humwagikia majini ukayafanya yaonekane kijani kuliko yalivyo. Umebaki na sita. Katika hizo, zile zinazopitiwa na daraja lenyewe zimeshachafuliwa na zege. Sentinel-2, kwa bendi zake za mita 20, inakupa pikseli 150 mahali hapo hapo. Unaweza kukata ukingo, ukakata daraja, na bado ukaona maji ya upande wa Busisi yakitofautiana na ya upande wa Kigongo.

Ndiyo maana nikiwa natazama ziwa wazi, kaskazini ya mdomo wa ghuba, sihangaiki na Sentinel-2. Nikiingia ghubani kusini ya daraja, au kwenye vihori, yaani vighuba vidogo, ambako watu huweka vizimba, Sentinel-3 naitumia kama kengele tu: imepiga, sasa nenda ukatazame kwa Sentinel-2 na kwa mtumbwi.

Kwa wenye haraka, hizi hapa pamoja na Landsat:

| | Sentinel-2 | Sentinel-3 (OLCI) | Landsat 8 na 9 |
|---|---|---|---|
| Pikseli | mita 10, 20 au 60 | mita 300 | mita 30; joto mita 100 |
| Hupita kila | siku 5 | siku 1 hadi 2 | siku 8 |
| Bendi ya karibu na 705 | ipo | ipo (709) | haipo |
| Bendi ya 620 | haipo | ipo | haipo |
| Joto la maji | haipimi | chombo kingine, pikseli ya kilomita 1 | inapima |
| Kumbukumbu | tangu 2015 | tangu 2016 | familia yake tangu 1972 |

Landsat: ya wazee, na bado ina kazi

Kwa klorofili ya leo na kesho, Landsat naiweka ya tatu. Haina ile bendi ya 705, na kusubiri siku 8 ni kusubiri sana. Lakini ina vitu viwili ambavyo wenzake hawana.

Kimoja ni joto la maji kwa pikseli ndogo. Ziwa Victoria hujipanga kwa tabaka kuanzia kama Septemba, maji ya moto juu na ya baridi chini, kisha kati ya Juni na Agosti pepo za kusi hulikoroga lote. Maji ya chini yenye oksijeni kidogo yakipanda ghafla mahali fulani, juu panapoa. Picha ya joto inaweza kukuonyesha ulimi wa maji baridi ukiingia ghubani, ikiwa tu setilaiti imepita siku hiyo na mbingu haina mawingu.

Kingine ni umri. Tangu miaka ya 1980 kuna picha za mita 30, na tangu mwaka 2008 zote ni bure. Magugu maji yalivyolifunga ziwa katika miaka ya 1990, utayaona humo kwa macho yako. Mwanafunzi anayetaka kujua kama tope la ghuba limeongezeka kwa miaka 30, jibu lake liko Landsat, kwingine atapata miaka kumi tu. Ajiandae kukuta mapengo: kwa Afrika Mashariki ya miaka ya 1990 kuna vipindi virefu visivyo na picha.

Za kulipia, kama PlanetScope yenye pikseli ya kama mita 3 na inayopita karibu kila siku, nitazitaja na kuziacha. Ni nzuri kwa kuhesabu vizimba na kuona magugu. Kwa klorofili, bado ningekushauri hela hiyo uinunulie vifaa vya kupimia majini. Na kama shida yako ni magugu maji yenyewe wakati wa mvua, angalia Sentinel-1. Hiyo ni rada, inapenya mawingu na inafanya kazi hata usiku. Maji tulivu huonekana meusi, magugu huonekana meupe. Kuhusu ubora wa maji haisemi chochote.

Kosa langu la Mkuyuni

Niseme kosa nililofanya, maana bado nakutana na ramani zenye kosa hilo hilo.

Nilitengeneza ramani ya NDCI kwa Sentinel-2 na karibu na ufukwe wa Mkuyuni likatokea doa jekundu, kubwa, lenye kingo kali. Kwa hesabu zangu klorofili pale ilikuwa ya kutisha. Nikawapigia watu simu. Tulipofika kwa mtumbwi kesho yake tulikuta uwanja wa magugu maji, umeshikamana, ndege wanatembea juu yake. Maji yaliyokuwa pembeni yalikuwa ya kawaida kabisa.

Jani la gugu lina klorofili kama jani lolote, na hesabu haijui kwamba siyo mwani. Tangu hapo, kabla ya kupima chochote, nafuta kwanza kila pikseli inayong'aa sana kwenye bendi ya mita 10 ya nanomita 842. Maji, hata ya kijani, humeza mwanga huo, majani huurudisha. Kuna mpaka wa shida: utando mzito wa bakteria wa kijani-buluu ulioelea juu nao hung'aa hapo. Ukikutana na hiyo hakuna hesabu itakayokuokoa. Panda mtumbwi.

Na kuna hewa. Setilaiti iko kilomita mia kadhaa juu, na kwenye rangi ya buluu, mwanga unaotoka hewani unaweza kufika asilimia 90 ya yote anayopokea mpigapicha huyo. Kinachotoka majini ni kile kidogo kilichobaki. Miezi ya Julai na Agosti, ambayo mawingu ni machache, ndiyo pia miezi ya moshi wa kuchoma mashamba. Hesabu ya kuondoa hewa ikikosea kidogo, maji yanakosewa sana. Jua nalo likiwa juu ya utosi, kama lilivyo kwetu Machi na Septemba, hung'aa juu ya mawimbi na kuifanya picha ionekane imemwagiwa maziwa.

Uchakate wapi: mtandaoni au kwenye kompyuta yako?

Hapa ndipo habari ya data kubwa inapoingia. Picha moja ya Sentinel-2, kipande cha kilomita 110 kwa 110, inakaribia gigabaiti moja. Ukisema upakue za miaka mitano, bando litaisha kabla hujafungua ya kwanza. Njia ya sasa ni kuiacha data ikae kule iliko, wewe ukapeleka maswali yako.

Google Earth Engine, iliyoanza mwaka 2010, ndiyo yenye mazoea kwa wengi. Unaandika mistari michache ya msimbo, seva zake zinapitia mamia ya picha, na ndani ya dakika unapata grafu ya miaka kumi ya sehemu uliyoizungushia duara. Ni bure kwa utafiti na kwa kazi zisizo za biashara. Ukianza kuwauzia wafugaji taarifa, ni biashara, na bei yake ni nyingine. Lipige hesabu mapema.

Kuna jambo ambalo wanaofundisha Earth Engine hulisema haraka mno. Zile picha za Sentinel-2 zinazoitwa tayari zimesafishwa, yaani zimeondolewa hewa, zimesafishwa kwa programu ya Sen2Cor, na hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kavu. Juu ya maji hukosea, tena siyo kwa kiasi kile kile kila siku. Kwa hiyo grafu uliyoipata kwa dakika moja ni nzuri kwa kulinganisha: wiki hii kijani kimepanda kuliko wiki ile. Usiandike chini yake "mikrogramu 40 za klorofili kwa lita" kana kwamba umeipima maabara. Sentinel-3 iliyomo humo nayo haijasafishwa hewa kabisa.

Digital Earth Africa ningependa watu wa kwetu waijue zaidi. Ni bure, data zake zinahifadhiwa Cape Town, na inakupa chumba cha kazi mtandaoni chenye Python, lugha ya kuandikia msimbo, na mifano iliyoandikwa tayari, ikiwemo ya ubora wa maji. Anayejua Python kidogo atatulia humo kuliko Earth Engine. Anayeanza kutoka sifuri atapata shida siku za kwanza.

Asiyeandika msimbo kabisa afungue Copernicus Browser. Unachagua tarehe, unachagua Sentinel-2 au Sentinel-3, unaandika hesabu moja tu ya bendi, na ramani inajichora. Mama wa vizimba anaweza kuifungua kwa simu ya mwanawe. Pia huduma ya ardhi ya Copernicus hutoa, kila siku 10, ramani zilizokwisha kuchakatwa za tope na hali ya rutuba ya maziwa makubwa duniani, na Ziwa Victoria limo. Pikseli zake kubwa hazifai kihori, lakini kwa picha ya ziwa zima zinakuokolea miezi ya kazi.

Kuchakata mwenyewe kwenye kompyuta kuna mahali pake: pale unapotaka namba ya kweli, siyo kupanda na kushuka tu. SNAP, programu ya bure ya Shirika la Anga la Ulaya, ina C2RCC, hesabu ya kuondoa hewa iliyotengenezwa kwa maji. ACOLITE, programu ya kazi hiyo hiyo kutoka Ubelgiji, inafaa sana kwa maji membamba yenye tope na kwa Sentinel-2 na Landsat. Mimi kwa ghuba huanza na ACOLITE. Andaa kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, na uvumilivu, kwa sababu ukiwa na 8 itaganda katikati ya kazi. Pakua tarehe tano au sita ambazo pia una sampuli za maji. Hizo zinatosha.

Modeli za kompyuta zilizojifunza zenyewe zimeenea sasa, na zinavutia. Swali la kuziuliza ni moja: zimejifunza kwa maji ya wapi? Modeli iliyolishwa maziwa ya Ulaya haijawahi kuona maji ya joto, yenye kijani mwaka mzima, yenye tope la mto uliotoka kwenye mashamba ya pamba. Itakupa jibu kwa kujiamini kule kule.

Mtumbwi, chupa na sahani

Hakuna setilaiti kati ya hizi inayosimama bila mtu aliyekwenda majini. Kazi yenyewe siyo ghali. Kifaa cha kwanza ni sahani ya Secchi, duara la sentimita 20, nyeusi na nyeupe, njia aliyoianzisha padri Angelo Secchi huko Italia mwaka 1865. Kamba yetu ina fundo kila sentimita 10. Unaishusha upande wa kivuli wa mtumbwi, nyeupe inageuka njano, inageuka kijani, inabaki kama kumbukumbu, inapotea. Unahesabu mafundo. Ukiwa na vipimo 30 vya namna hiyo, vya siku ambazo setilaiti ilipita, tayari una kitu cha kuipimia ramani yako.

Kwa klorofili unachota lita moja kwenye chupa nyeusi, unaiweka kwenye kasha la barafu isipigwe jua, na siku hiyo hiyo unaichuja. Siku ya kijani, ile karatasi ya kuchujia inatoka kama imepakwa mchicha uliopondwa. Inafungwa kwenye foili na kugandishwa hadi maabara.

Saa ina maana. Setilaiti hizi zote hupita kwetu karibu saa tano asubuhi. Chota saa nne hadi saa sita, mbali na ukingo kwa angalau mita 100 kama unalinganisha na Sentinel-2, na kwa mita 600 au zaidi kama ni Sentinel-3. Ukichota alasiri, upepo umeshavuma na bakteria waliokuwa wameelea juu asubuhi wamekorogwa chini; chupa yako na picha yako vitakuwa vinaongelea maji mawili tofauti.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mama. Oksijeni ya majini hushuka usiku kucha, kwa sababu mwani nao huhema gizani, na hufika chini kabisa alfajiri. Samaki huja juu kutafuta hewa saa kumi na moja. Setilaiti inapita saa tano, jua limeshachomoza, mwani unatengeneza oksijeni tena na maji yanaonekana mazuri. Hakuna pikseli, iwe ya mita 3 au 300, itakayomwamsha.

Ungekuwa wewe, ningekuambia hivi

Mwenye vizimba: hela ya kwanza nunua kipima oksijeni cha kushika mkononi, na ukitumie alfajiri, juu na chini ya kizimba. Sentinel-3 iwe ya kukuambia kijani kinaelekea upande wenu wiki hii, ili upunguze chakula na uongeze zamu za kupima. Sentinel-2 itumie kabla hujaweka vizimba: tazama miaka mitatu ya picha za kihori unachokitaka, uone kijani na magugu hukwama kona ipi. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote kwa mfugaji, na ni bure.

Mamlaka ya maji yenye kidaka maji ufukweni, kama vile vya Capri Point na Butimba: Sentinel-2 kwa sehemu ya mdomo wa bomba, Sentinel-3 kwa ile bendi ya 620 kwenye maji ya mbele yake. Kengele ikilia, sampuli iende maabara kupimwa sumu yenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa mikrogramu 1 ya microcystin-LR, mojawapo ya sumu za bakteria hao, kwa lita ya maji ya kunywa kwa matumizi ya muda mrefu. Setilaiti hupima rangi ya bakteria, na bakteria wa rangi ile ile leo wanaweza kuwa na sumu, kesho wasiwe nayo. Mwenye mashaka kuhusu bomba la watu laki kadhaa hapaswi kungoja mawingu yaondoke.

Halmashauri inayotaka kujua tope la Mto Mirongo linafika wapi baada ya mvua: Sentinel-2, bendi nyekundu ya mita 10, bila kuongeza kitu. Mtafiti wa mabadiliko ya muda mrefu: Landsat, na uvumilivu wa mapengo yake.

Mama wa Sengerema tulipanga naye hivi. Kijana wake anapima oksijeni kila alfajiri na kuandika kwenye daftari lenye mistari. Jumatatu na Alhamisi anafungua picha ya Sentinel-3 kwa simu. Mimi nilimchorea picha za Sentinel-2 za miaka mitatu ya kihori chake, zile zisizo na mawingu, moja juu ya nyingine. Kona ya kusini, nyuma ya mwamba, ilikuwa ya kijani kilichokolea karibu katika kila picha. Vizimba vyake viwili vilikuwa hapo. Alivitazama, akaita vijana, na kabla ya magharibi walikuwa wamefungua nanga wanavivuta kuelekea kwenye maji yanayotembea.